Usalama Kando ya Ziwa Bunyonyi: Jaketi la Mgeni na Mtumbwi wa Jirani

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya maafisa wa mahusiano ya polisi na jamii, mbele ya wakazi wa kando ya ziwa, wenye nyumba za mapumziko, waendesha mitumbwi na majirani waliovuka mpaka.)

Wenyeji wa milima hii mna lugha yenu, na majirani wa ng'ambo wana yao, na wengi mnasikilizana bila mkalimani. Tumechagua Kiswahili kwa kuwa wapo pia wachuuzi waliopitia Bunagana kutoka upande wa Kongo, na kwa kuwa wengi miongoni mwetu askari hatukuzaliwa hapa. Tutakapotamka jina la kisiwa vibaya, mtatusahihisha kama mlivyozoea kufanya.

Tunaomba tuanze na jambo ambalo baadhi yenu mnalijua, na ambalo sisi tunalikumbuka kwa uchungu.

Jioni moja ya siku ya soko, mtumbwi uliobeba watu saba na magunia matatu ya viazi uliondoka mwaloni yapata saa kumi na moja na nusu. Upepo wa alasiri ulikuwa haujatulia. Kwa maelezo ya walionusurika, mzigo ulikuwa umeushusha mtumbwi hata ukingo wake ukabaki kiganja kimoja tu juu ya maji. Mama mmoja aliinuka kidogo ili amhamishe mtoto kutoka paja moja hadi jingine. Hakufanya zaidi ya hapo. Mtumbwi ukalala ubavu, magunia yakatangulia, na watu wakafuata. Watano waliokolewa pamoja na mtoto yule. Wawili, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi, walipatikana siku ya tatu wakiwa wamekwama katika mafunjo.

Mahali hapo hapakuwa katikati ya ziwa. Palikuwa hatua zisizozidi themanini kutoka kwenye gati la nyumba moja ya mapumziko, na katika banda la gati hilo yalitundikwa majaketi kumi na mawili ya kujiokolea, ya rangi ya chungwa, safi, yamepangwa kwa ukubwa. Mlinzi alisikia mayowe. Ufunguo alikuwa nao. Alituambia baadaye, na hakuna aliyemlazimisha kusema: "Afande, niliambiwa yale ni ya wageni. Nikampigia bosi kwanza." Bosi alikuwa mjini, na simu haikupokelewa.

Hatumtaji mlinzi huyo wala nyumba hiyo, na hatukuja hapa kuwahukumu. Sisi wenyewe tulifika baada ya karibu saa mbili, kwa mashua ya kukodi, kwa sababu chombo chetu hakikuwa na mafuta. Mzee mmoja, ambaye kwa mtumbwi wake mwenyewe alikuwa ameshawatoa watu watatu majini, alitutazama tukishuka na taa zetu, akasema, "Wanangu, mmekuja kuandika." Na kweli tulikuwa tumekuja kuandika. Daftari lilikuwa mkononi.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukizungumza sisi kwa sisi, na hatimaye tumeona tuzungumze nanyi. Ziwa Bunyonyi limepata sifa duniani. Watu wanasafiri kutoka Kampala, Kigali na ng'ambo ya bahari kuja kulala katika vibanda vya nyasi vilivyopangwa kwenye miteremko, wanywe chai wakitazama ukungu ukipanda kutoka visiwani. Jambo hilo limeleta kazi, na hatulidharau. Lakini limeleta pia mipaka mipya ambayo haikuchorwa na serikali yoyote: huku gati la mgeni, kule mwalo wa mwenyeji, huku jaketi, kule kifua kitupu. Mgeni anayekaa siku mbili huvuka akiwa amefungwa kamba za jaketi mpaka kidevuni. Mwanafunzi anayevuka kila asubuhi kwenda shule, na mama anayekwenda sokoni Rutinda Jumatatu na Ijumaa, huvuka na Mungu wake tu.

Hatudai kwamba mgeni apunguziwe ulinzi. Tunasema majaketi yapo ziwani humu tayari, ila siku za soko na saa za shule yanatundikwa upande usio na watu.

Kabla hatujaendelea, inafaa tulielewe ziwa lenyewe, maana limezoea kudanganya kwa uso wake. Lipo kiasi cha mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, lina urefu wa kilomita 25 hivi, na visiwa vyake ni 29. Zamani hapa palikuwa bonde. Lava ya volkano iliziba njia ya maji, bonde likajaa, na vilele vya vilima vikabaki kuwa visiwa. Jirani zetu wa Burera na Ruhondo, upande wa Rwanda, maziwa yao yalizaliwa kwa namna hiyo hiyo, na hivyo hivyo Mutanda kule Kisoro. Kwa hiyo mnayoiita kando ya ziwa ni ubavu wa mlima uliozama. Mtu huteremka hatua mbili, tatu, maji yakiwa magotini, na hatua ya nne haina pa kukanyaga. Mgeni aliyezoea fuko za bahari, ambako mtu hutembea mbali kabla maji hayajamfika kifuani, haamini mpaka yamkute.

Hutangazwa pia kwamba ziwa hili halina mamba wala viboko. Sifa hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayotuponza. Mahali penye kiboko mtu hufika kwa tahadhari. Mahali pasipo na kiboko huruka majini saa tano za usiku akiwa na chupa mkononi.

Mnayo hadithi ya kisiwa cha Akabucuranuka, kile kilichopinduka. Tumeisimuliwa mara nyingi tukiwa katika mitumbwi yenu. Watu walikuwa wakinywa pombe, akapita bibi kizee, akaomba aonjeshwe, wakamfukuza kwa dharau. Kijana mmoja akatumwa amvushe, na alipokwisha kumfikisha ng'ambo, kisiwa kikapinduka na walevi wote chini yake. Kuku peke yake ndiye aliyeruka akapona. Sisi polisi hatuna namna ya kuandika maelezo ya kuku, kwa hiyo jalada hilo hatukulifungua. Lakini tunawaomba mtambue kwamba wazee waliotunga hadithi ile walilijua ziwa: ndani yake mna pombe, mna chombo kilichopinduka, na mna mtu aliyeombwa msaada mdogo akakataa. Mambo matatu hayo tumeyakuta katika majalada yetu bila uchawi wowote.

Sasa tuseme tunachokiomba.

Wenye nyumba za mapumziko, tumewatembelea, na wengi wenu mmetupokea vizuri. Tumewaomba kwamba siku za soko, kuanzia alfajiri hadi mtumbwi wa mwisho, majaketi ambayo hayatumiwi na wageni yatolewe mwaloni, yaandikwe katika daftari la mwenyekiti, na yarudishwe jioni. Wapo waliotujibu kwa ukweli, na tunawashukuru kwa ukweli huo: "Yatapotea." Pengine mengine yatapotea. Mwendesha mtumbwi mmoja alisimama katika kikao akawajibu vizuri kuliko sisi: kwamba yeye huwavusha wageni wao na mikoba yao yenye kompyuta na fedha, na hakuna mkoba uliowahi kupotea, basi iweje leo aaminiwe mkoba asiaminiwe jaketi? Kikao kilicheka, kisha kikanyamaza. Nyumba tatu zilikubali papo hapo.

Pili, na hili si ombi: mlinzi wa gati awe na ruhusa ya maandishi ya kufungua banda na kutoa jaketi, kamba au chombo wakati wowote asikiapo mayowe, bila kumpigia mtu yeyote. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango. Tutapita kuitazama.

Waendesha mitumbwi, mnajua kuliko sisi kwamba mtumbwi wa gogo la mkaratusi hauna huruma kwa anayesimama. Abiria akae chini, mzigo uwe katikati, na ukingo usibaki kiganja kimoja. Uganda imekwisha kutunga Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, inayohusu vyombo na usalama wa wanaosafiri majini. Hata hivyo hatutaki mtu apakie watu wachache kwa kutuogopa sisi, kwa kuwa sisi hatuwi ziwani kila jioni. Tunataka abiria mwenyewe akatae kupanda. Mama anayeona mtumbwi umejaa na bado anaambiwa "sogea kidogo" ana haki ya kushuka na kurudishiwa nauli yake, na tutasimama naye.

Chombo kikipinduka, kishikeni. Gogo halizami. Wengi waliokufa maji waliuacha mtumbwi ulioelea wakaanza kuogelea kuelekea nchi kavu iliyoonekana karibu. Aliye nchi kavu asirukie majini kama hakufundishwa kuokoa, kwa kuwa anayezama humkumbatia anayemwokoa, wakaenda wote. Mrushie jerikani tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko barabara. Linatosha kumweka mtu mzima juu ya maji. Jerikani kila nyumba inalo. Lifungeni kamba ndefu shingoni na mliache gatini, lisichotewe maji.

Akitolewa hana pumzi, tafadhali msimning'inize kichwa chini wala msimkanyage tumbo. Desturi hiyo hupoteza dakika ambazo hazirudi. Alazwe chali mahali pagumu, kichwa kirudishwe nyuma, pua ibanwe, apuliziwe pumzi kinywani mara tano, kisha kifua kibonyezwe katikati kwa nguvu na kwa haraka mara thelathini, pumzi mbili, tena mara thelathini, bila kuchoka, hadi apumue au mhudumu wa afya afike. Hata akizinduka, apelekwe kituo cha afya. Mapafu yaliyoingia maji huweza kumgeuka mtu saa kadhaa baadaye, wakati wote wamekwisha kwenda kunywa chai ya shukrani.

Tumekaa sana majini, na sasa tuingie ndani ya vibanda, maana huko kuna kifo kingine kisicho na sauti.

Usiku wa milima hii ni baridi, ninyi mnaujua na mgeni haujui. Huja na shati jepesi, na ifikapo saa tatu huomba moto. Mhudumu mwenye moyo mwema humpelekea sigiri yenye makaa, huiweka karibu na kitanda, hufunga dirisha ili joto lisitoke, akamtakia usiku mwema. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala haamki ili ajitetee. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, akadhani ni viazi alivyokula. Wala kusiwe na udanganyifu kwamba makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama. Ndipo yanapodanganya zaidi. Sigiri haina ruhusa kulala chumbani, iwe katika kibanda cha dola mia au katika nyumba ya mlinzi nyuma ya jiko. Tunasisitiza nyumba ya mlinzi, kwa kuwa mgeni akidai blanketi la pili atapewa, na mlinzi hana wa kumdai. Mpeni blanketi.

Kuhusu paa za nyasi tutasema neno moja: mshumaa na paa la nyasi havikai nyumba moja. Wekeni ndoo za mchanga mlangoni, na taa ndogo za sola zimekwisha kuwa rahisi.

Jambo la ardhi ndilo linalotuletea ugomvi mwingi kuliko wizi. Mtu hununua ubavu wa kilima, huweka uzio hadi majini, na kesho yake njia ambayo watu walichotea maji tangu babu zao imefungwa kwa senyenge. Watoto huzunguka mwendo mrefu na mitungi kichwani. Usiku senyenge hukatwa. Asubuhi tunaitwa kukamata "wahalifu", tukifika tunakuta ni mama wanne na mitungi yao. Tuseme wazi: kukata uzio wa mtu ni kosa, na tukiletewa shtaka tutalishughulikia. Lakini mnunuzi naye afahamu kwamba kanuni za mwaka 2000 za kulinda maeneo oevu, kingo za mito na fuko za maziwa ziliweka ukanda wa hifadhi kutoka majini: mita 200 kwa maziwa yaliyoorodheshwa, na mita 100 kwa mengineyo. Hata ukichukua kipimo kidogo kabisa, anayetia senyenge majini anajifungia mahali ambapo sheria haikumwachia afanye apendavyo. Kabla ya kuita polisi, aketi na mwenyekiti wa kijiji waache njia ya upana wa watu wawili wanaopishana na mitungi. Njia hiyo ni ulinzi kuliko mbwa. Nyumba ambayo majirani hupita mbele yake asubuhi na jioni wakisalimia haiibiwi kwa urahisi, kwa kuwa mgeni asiyejulikana huonekana. Nyumba iliyojitenga kwa senyenge ndefu hubaki na macho ya mlinzi mmoja, naye hulala.

Wazee wa Kigezi walikata matuta katika milima hii ili udongo usiteremke. Wengine walikata kwa hiari na wengine kwa amri ya machifu wa enzi ya ukoloni, na tunajua wapo hapa waliosimuliwa na wazazi wao jinsi amri hiyo ilivyokuwa kali. Hata hivyo matuta yalibaki, na majani yaliyopandwa kingoni mwake yakashika udongo. Leo anakuja fundi, anachimba mteremko ili apate uwanja wa vibanda sita, anavunja matuta matatu, na udongo anausukuma ziwani. Mvua ya Aprili ikinyesha, shamba la jirani wa juu humfuata fundi chini. Maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mnayanywa hayo hayo. Mafunjo nayo hung'olewa ili mgeni aone maji vizuri. Mafunjo huchuja uchafu kabla haujafika majini, huwapa ndege mahali pa kutaga, na jina la ziwa hili, kama mnavyojua, ni la ndege. Mgeni aliyetoka mbali kuja kuwatazama ndege anauziwa chumba ambacho kimewafukuza. Hilo nalo ni jambo la kushangaza, lakini tuliache.

Takataka za plastiki zina habari yake mpakani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na askari wa upande ule hawana mzaha. Mama anayevuka na nyanya zake ndani ya buveera hurudishwa, au hunyang'anywa mfuko akabaki na nyanya mikononi. Bebeni vikapu. Na chupa za plastiki zinazotupwa kutoka katika mashua za matembezi, tumewaambia wenye mashua kwamba idadi ya chupa zinazotoka asubuhi iwe ndiyo idadi ya chupa zinazorudi jioni, pombe au maji.

Tunafika sasa mahali ambapo ulimi ni mzito.

Kila mgeni hupelekwa kuona kisiwa cha Akampene. Ni kisiwa kidogo chenye majani na mti, na mwongoza watalii huwaeleza kwamba zamani binti aliyepata mimba kabla ya ndoa aliachwa pale afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Na kwamba mwanamume asiye na mahari aliweza kwenda kumchukua. Wageni husikitika, hupiga picha, mashua huendelea. Sisi tumekaa katika mashua hizo, na tumesikia wakiuliza, "Na mwanamume aliyempa mimba alipelekwa wapi?" Mwongozaji hucheka kidogo.

Swali hilo hatulicheki, kwa sababu tunalo mezani kwetu leo. Mabinti wa vijiji hivi huajiriwa katika nyumba za mapumziko kufua, kupika, kutandika vitanda. Wengine hawajafika miaka kumi na minane. Binti akipata mimba hufukuzwa kazi na nyumbani huchapwa, na mwanamume, awe mgeni, meneja au mwendesha mashua, hutuma mbuzi na bahasha, na mambo yanaitwa yamekwisha. Hayakwisha. Kumwingilia mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai katika sheria za Uganda, na kosa la jinai halina mbuzi. Wazazi mliopokea bahasha, hatukuja kuwatia aibu mbele za watu. Njooni tuzungumze faraghani, na binti azungumze na askari mwanamke. Wenye nyumba, andikeni umri wa kila mnayemwajiri, na mhudumu wa kike asitumwe peke yake usiku katika kibanda cha mgeni, hata kama ameagiza chai tu.

Kipo pia kisiwa kingine ambacho huelezwa wageni kwa haraka, nacho ni Bwama. Daktari Leonard Sharp, mmisionari Mwingereza, alianzisha pale mwaka 1931 makao ya wagonjwa wa ukoma, watu waliokuwa wamefukuzwa na jamaa zao. Leo pana shule na kituo cha afya, na watoto wanaovuka bila majaketi wengi wanakwenda huko. Mnaweza kuona kwa nini tulianza na majaketi.

Kuhusu mpaka, tutakuwa wafupi. Njia ya Gatuna ilipofungwa kuanzia mwishoni mwa Februari 2019 hadi 31 Januari 2022, wengi mlitumia njia za panya, na wengine mliumia humo. Sasa njia imefunguliwa, na raia wa Uganda, Rwanda na Kenya wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo anayepita mlimani usiku leo ana sababu nyingine, na mara nyingi sababu hiyo imo ndani ya jerikani. Waragi wa kienyeji, ambao wenzetu wa Rwanda huuita kanyanga, ni haramu upande wao. Vijana hulipwa fedha kidogo kuubeba, na anayekamatwa ni yule aliyebeba. Mwenye mzigo hulala nyumbani kwake. Nyumba za mapumziko zisigeuzwe maghala ya mizigo hiyo, na kila mgeni anayelala aandikwe katika daftari, mwenye gari kubwa kama mwenye mkoba mdogo.

Kuhusu simu: nambari za dharura hapa ni 999 au 112. Lakini mnajua kwamba karibu na mpaka simu huchukua mtandao wa jirani bila kuuliza, na Rwanda nayo hutumia 112. Kwa hiyo mpigapo, tajeni kwanza nchi, kisha ziwa, kisha kijiji au kisiwa, ndipo mseme kilichotokea. Na kabla ya kutupigia sisi, pigeni mayowe. Mtumbwi wa jirani utafika kabla yetu. Hili tulijifunza kwa namna tuliyoieleza.

Chombo chetu sasa kina akiba ya mafuta isiyoguswa kwa kazi nyingine. Yule mzee aliyetuambia tumekuja kuandika amekubali kutuonyesha mikondo na mahali penye visiki kuanzia Bufundi hadi Muko, na tumemwomba akae mbele, askari wakae nyuma.

Jumatatu ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, tutakuwa mwaloni Rutinda na daftari la mwenyekiti. Nyumba tatu zilizokubali zitaleta majaketi ishirini na sita, na kumi kati ya hayo ni madogo ya watoto. Wenye mitumbwi, njooni na mitumbwi yenu tuipime tukiona ikibeba watu wangapi kabla ukingo haujashuka, tuandike idadi hiyo kwa rangi ubavuni. Rangi tutaleta sisi. Yeyote mwenye kamba ya ziada ya kufungia majerikani, aje nayo.